Bwawa Chini ya Shamba la Pamba

Niliolewa nikitoka Ngokolo, mjini Shinyanga, nikapelekwa kijiji kimoja magharibi ya Geita. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumbani kwetu samaki alikuwa ni yule mkavu wa sokoni, mwenye chumvi mpaka ulimi unauma. Kwa hiyo kijiji kilipochimba bwawa, miaka ile ya sabini tulipokuwa tumekusanywa kuishi pamoja, na bwana samaki akaja na Landrova iliyobeba vifaranga vya sato ndani ya pipa, mimi mgeni nilifurahi kuliko wenyeji.

Kazi ya bwawa tulipewa wanawake kadhaa. Wengi walichoka mapema, tukabaki mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Wifi alikuwa ameachika na kurudi kwa mama yake na binti mdogo mwenye kitembe, aliyewaita samaki "tamaki". Kila asubuhi tulibeba pumba za mpunga na samadi, naye mtoto anatutangulia ukingoni akiwaita kama kuku. Samaki walikuwa wakija kweli. Maji yanatetemeka, midomo inajitokeza, mtoto anapiga makofi.

Mavuno ya kwanza tulikula kwa ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa. Mama mkwe wangu alifyonza vichwa vyote, wala hakumpa mtu.

Huyu mama mkwe hakuwa mpole. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye maneno machache makali. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kwa moto wa mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Nilimwogopa. Lakini nilipojifungua, ndiye aliyemwogesha mwanangu kila siku mpaka kitovu kilipodondoka, na hakuruhusu mkono mwingine umguse.

Juu ya bwawa, kwenye mteremko, lilikuwa shamba la pamba la kijiji. Mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi ulipita kandokando yake. Dawa ya pamba ililetwa kwenye madebe, ikachanganywa ndani ya pipa lililowekwa pale pale mferejini, kwa sababu ndipo maji yalipokuwa. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa mmoja wa vijana waliopuliza. Alikwenda kifua wazi, bomba mgongoni, akipiga mluzi. Akimaliza alisuuza bomba mferejini, akanawa na uso. Akija kula, harufu ya dawa ilitangulia mlangoni. Hakuna aliyeona ubaya. Bwana shamba mwenyewe alisema dawa ile ni ya wadudu.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na zilipokuja zilikuja kwa hasira. Siku moja vijana walipuliza asubuhi mpaka mchana, na jioni ikanyesha mvua iliyosomba hata miche ya mahindi. Kulipokucha mimi na wifi tulikuta bwawa limekuwa jeupe.

Nilidhani ni povu. Tuliposogea nikaona ni matumbo. Samaki wote walikuwa wameelea, wakubwa kwa wadogo, wamesukumwa na upepo upande mmoja. Wachache walikuwa bado wanazunguka juu ya maji kama walevi, wanagonga ukingo, wanageuka, wanagonga tena. Mtoto aliwaita. Kisha akamtazama mama yake.

Wifi alipiga yowe, watu wakaja. Ulikuwa mwezi wa njaa, maghala yamebaki vumbi, na watu walikuwa wanashindia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na mlenda. Mwenyekiti wa kijiji aliangalia bwawa, akaangalia watu, akasema, "Hii ni mali ya kijiji. Wagawanywe kaya kwa kaya kabla jua halijawa kali."

Mama mkwe alikuwa amefika akiegemea fimbo. "Wazikeni," alisema.

"Mayu, tuzike chakula?" wifi alimuuliza mama yake.

"Tazama pale." Alinyoosha fimbo. Kwenye majani walikuwa wamelala vyura, miguu imenyooka, na yangeyange mmoja ameanguka, mbawa zake wazi. "Kitu kilichoua chura na ndege, kitanionea mimi haya?"

Watu wengine walicheka. Mwenyekiti alisema wakitolewa matumbo, wakaoshwa kwa chumvi na kukaangwa vizuri, hakuna kinachobaki. Wifi alikuwa tayari ameinama anaokota. "Nimewalisha tangu wakiwa kama punje za mchele," alisema bila kumtazama mama yake. "Mwanangu amechoka na mlenda."

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Wewe unanyonyesha. Ukitia huyo samaki mdomoni, usikanyage kwangu."

Sikula. Sikuwa na elimu yoyote kuhusu jambo lile. Nilimwogopa tu.

Mchana watu wakaanza kutapika. Kwanza nyumba ya jirani, halafu ng'ambo ya njia. Mtoto wa wifi alisema kichwa kinauma, akajilaza kwenye ngozi ya ng'ombe. Baada ya muda kidogo mwili ukakakamaa, ukaanza kurukaruka, mate yakimtoka. Wifi alimshika akilia, "Degedege! Degedege!" Mume wangu alichukua baiskeli, akawapakia nyuma wote wawili, wakakimbilia zahanati, ambayo haikuwa karibu.

Nilikaa mlangoni na mwanangu kifuani mpaka jua likashuka. Kisha nikawaona wanarudi. Mume wangu anakokota baiskeli. Wifi anatembea nyuma yake, mtoto amembeba mgongoni kwa kanga, amemfunga vizuri kama anayemlaza. Nikaanza kushukuru. Lakini mume wangu alipofika karibu alitikisa kichwa, nami nikauona mguu mmoja uliotoka kwenye kanga.

Wengine wote waliotapika walipona.

Bwana samaki alikuja baadaye. Alizunguka bwawa, akauliza shamba lilipulizwa lini, akachota maji kwenye chupa ya soda. "Mimi sina cha kupimia," alimwambia mume wangu. "Chupa itakwenda Mwanza." Hatukusikia tena habari za chupa hiyo. Bwana shamba naye aliitwa mkutanoni, akasema dawa ikitumiwa kwa maelekezo haina madhara. Mwenyekiti akashukuru, akafunga mkutano. Pamba ilikuwa imechanua vizuri mwaka ule.

Basi pakabaki swali, na swali likikosa mwenyewe hutafuta mtu wa kulibeba. Wifi alikwenda kwa mganga wa kienyeji. Aliporudi hakuingia nyumba ya mama yake, alikuja kwangu. Alikaa jikoni akachezea majivu kwa kijiti.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Amesema nimuulize aliyejua kabla."

Nilielewa mara moja. "Wifi, mama aliona vyura. Hata mimi niliwaona. Sote tuliwaona."

"Wewe mbona alikukataza? Mwanao mbona yuko hai?"

"Kwa sababu nilimtii!"

"Basi," alisema, akainuka. "Mimi aliniacha nile."

Maneno yale yalizunguka kijiji kabla ya jioni. Watu walianza kukumbuka mambo: ng'ombe fulani aliyekufa, mimba ya fulani iliyotoka, na macho yale mekundu. Kule kwetu kikongwe mwenye macho mekundu hahitaji shahidi ili aitwe mchawi. Kisimani wanawake walisubiri amalize kuchota ndipo wasogee. Salamu zilikatika. Alikuwa akisema "Mwangaluka", na mtu anapita kama hakusikia. Vijana wakaanza kurusha mawe juu ya paa lake, mchana kweupe, na shemeji yangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwakemea.

Mama mkwe hakujitetea. Siku moja tu, tukipukuchua mahindi, aliniambia, "Nilizaa tisa, nikazika watano. Huyu mjukuu nilikuwa namfinyangia vyungu vidogo vya kuchezea. Ningemla kwa njaa gani?" Kisha akaendelea kupukuchua.

Mwisho rafiki wa mume wangu, mtu wa rika lake, alimvuta pembeni siku ya mnada. "Muondoe mama," alimwambia. "Wakishauza pamba watakuwa na pombe. Sisemi zaidi."

Tuliondoka kabla ya wiki kuisha, kwa lori lililokuwa likipeleka pamba kwenye kiwanda cha kuchambua. Dereva alikubali kutubeba juu ya mzigo. Mume wangu alimwinua mama yake kama mtoto, akamketisha juu ya pamba. Watu walitoka kutazama. Wifi alisimama mlangoni pa nyumba ya mama yake, mikono kichwani, wala hakuaga. Mama mkwe alimtazama mpaka njia ilipokata kona.

Tukahamia kwa wazazi wangu Ngokolo, baadaye tukapanga vyumba karibu yao. Mume wangu alipata kazi kiwandani, akabeba marobota ya pamba mpaka mgongo ukapinda. Mama mkwe aliishi mjini kama mtu aliyekaa stesheni. Hakununua sufuria ya kwake. Kila mtu aliyetoka kule magharibi, yeye alimuuliza habari za mvua, na za mbuzi aliowaacha.

Miaka ikapita, na sokoni wakaanza kuonekana samaki wabichi wengi na rahisi kutoka upande wa ziwa na mito ya kule. Walikuwa hawana jeraha la ndoana wala alama ya nyavu, lakini nyama yao ililegea upesi na mikono iliyowaosha ilinuka. Wachuuzi walinong'onezana: wanavuliwa kwa dawa ya pamba. Mtu anamimina kopo juu ya mto, anasubiri chini na kikapu. Watu walinunua hivyohivyo. Mimi nilipita.

Siku moja mchana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta wifi amekaa kibarazani. Alikuwa amekonda, amefunga kitambaa cheusi. Mama mkwe alikuwa ndani, amekataa kutoka. Nilimwingiza mimi.

Alipiga magoti. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba," mama alisema.

"Mdogo wangu anavua kwa dawa," wifi alisema. "Nilikwenda mtoni, nikamkuta. Alimimina, tukakaa. Wakaja juu wanazunguka kama walevi, halafu matumbo juu. Vilevile, mayu. Vilevile kabisa. Na vyura."

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira wa makaratasi.

"Kwa hiyo umepanda basi kuja kuniambia nilichokuambia," mama alisema.

Wifi aliweka paji la uso sakafuni akalia. Mama alimwacha alie. Kisha alinyoosha mkono akaushika mgongo wake, akauacha hapo, akitazama ukutani.

"Rudi nyumbani," wifi alisema alipoweza kusema. "Nitakupikia mimi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Wao wanajua sasa? Wanaona dawa inavyoua?"

"Wanajua wote. Wanakwenda kununua kopo dukani kwa ajili hiyo."

"Na hakuna aliyekutuma."

"Hakuna."

"Basi nipe habari za mbuzi," mama alisema.

Wifi alikaa nasi siku chache, akarudi, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Baada ya hapo alikuja kila baada ya mavuno, akileta michembe na karanga. Walikuwa wanakaa pamoja uani wakimenya karanga, na sikuwahi kuwasikia wakimtaja mtoto.

Mama mkwe alifariki katikati ya miaka ya themanini, kwa homa ya kawaida ya uzee. Ndugu walitaka akazikwe kijijini, lakini mume wangu alikataa. Kijiji kikatuma watu. Shemeji alikuja amevaa saa na viatu vipya. Mwenyekiti yule yule alikuja pia, amezeeka, akaomba nafasi ya kusema neno makaburini. Alianza kueleza jinsi marehemu alivyokuwa mama wa kijiji kizima, jinsi alivyopendwa, na jinsi watu walivyosikitika alipoamua kuhamia mjini.

Mume wangu alimsogelea, akamshika kiwiko kwa heshima.

"Mzee," alisema, "naomba ukae."

Mwenyekiti akatafuta mahali, akakaa. Vijana wakachukua majembe.