Nahodha wa Angani na Posa ya Shangazi

Ile tamthilia ya vyombo vya angani shangazi alianza kuifuata kabla sijazaliwa, msimu baada ya msimu, mpaka ikakatika ghafla: nahodha kapotelea kwenye nyota, mkewe kabaki mlangoni. Miaka ikapita. Mwaka huu wakatangaza inarudi kwa filamu moja tu, Jumapili baada ya alasiri, tena imetiwa sauti za Kiswahili.

Kwa wengine hapa Kibiti hiyo ni filamu. Kwa shangazi lilikuwa shauri la ndoa. Mumewe alikwenda Mloka kutafuta kazi kwenye kambi za watalii, akaaga kwamba ni miezi mitatu, hakuonekana tena. Shehe alishaivunja ndoa, na fundi baiskeli mmoja wa Mohoro kaleta posa. Lakini shangazi kila akibanwa anasema, "Nitajibu nikishaona kama nahodha karudi."

"Posa iko Mohoro, jibu liko mwezini!" bibi akalalamika.

"Usijali, mke wangu," nikamwambia, maana kwa utani bibi ni mke wangu. "Akikataa, fundi nitakuoza wewe."

Nikala kofi la mgongo, halali yangu.

Siku yenyewe mshenga wa fundi naye akaja, eti kusalimia. Mzee wa watu alisalimia mpaka akapata kiti cha mbele na sahani ya wali wa nazi.

Filamu ikaanza. Nahodha huyo, karudi! Mkewe kajaa mvi, yeye hana hata kunyanzi. Akasema huko juu imepita miezi mitatu tu.

Shangazi akaacha kutafuna. "Miezi mitatu?"

"Kule saa zinakwenda polepole, shangazi. Mwalimu wetu wa fizikia kasema." Mwalimu wa fizikia hatujawahi kuwa naye.

"Kule wapi? Mloka?"

Bibi akaisogelea televisheni. "Hebu litazameni hilo shati. Limenyooka mpaka kola. Nani anampigia pasi huko kwenye nyota?"

Shangazi akaisukuma sahani kando, macho kwenye ile kola.

Kwenye filamu, mke akafungua mlango, akamkumbatia nahodha bila hata kumuuliza alikuwa anakula kwa nani.

Shangazi akasimama. "Mjinga wewe!" akamwambia yule mwanamke. Kisha akamgeukia mshenga. "Mwambie fundi nimekubali. Alete watu."

"Kaa chini, mwanangu, unaziba," mshenga akasema, kajipinda kuchungulia ubavuni mwake.

"Baba, nimesema nimekubali!"

"Umekubali nini?"

Bibi alishapiga vigelegele, majirani wakaitikia kutoka uani, mimi nikashika sinia nikaligeuza ngoma. Mshenga akawa anatusihi kwa mikono yote miwili tunyamaze, kwani nahodha ndiyo kwanza ameanza kueleza alikokuwa. Hakuna aliyemsikiliza.