Kikaango cha Marehemu Mama

Ozella alikuwa na kinyongo kisichozeeka. Mdogo wake, Verdie, alipotorokea Chicago na mpiga tarumbeta, alibeba kikaango cha chuma cha marehemu mama yao, na tangu hapo Ozella hakuwahi kuusifu mkate wake mwenyewe wa mahindi, maana mkate huo ulizoea kuokwa ndani ya kikaango kile.

Jumapili moja, kanisa lilipowaita wote waliohama mji warudi kula pamoja uani, Verdie akatokea, kofia kubwa kichwani, kikaango mkononi.

“Nisamehe, dada.”

“Ngoja kwanza!”

Ozella akakipokea, akakipitishia kidole, akakinusa. Watu wakaacha kutafuna kuku. Kila mtu mjini alijua kikaango cha namna ile hakiguswi na sabuni; hufutwa tu, kikapakwa mafuta. Kiwekwe sabuni, kimeharibika. Hiki kilikuwa cheusi, kinang'aa kama siku mama alipokiacha.

“Na huyo mpiga tarumbeta wako yuko wapi?”

“Nilimkuta na sabuni, anataka kukiosha. Nikamfukuza siku hiyo hiyo.”

Ozella akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawageukia watu kwa ukali.

“Mnakodoa macho ya nini? Mleteeni mdogo wangu sahani!”