Marehemu mume wangu anatuandikia barua pepe

Admin, nifichie jina, ndugu wa mume wangu wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Kalangalala, Geita. Nina binti mmoja wa miaka kumi na mbili. Mume wangu alikuwa fundi umeme mgodini. Mwaka jana kifusi kilimfukia. Kwa jinsi mwili ulivyokuwa, wazee waliamua jeneza lisifunguliwe, tukamzika kijijini kwao, Didia.

Enzi za uhai wake alikuwa akikaa kambini hata wiki tatu, hivyo alimfungulia binti yetu imeli wawe wanaandikiana. Baada ya msiba sikuifunga. Niliona ni kumbukumbu ya baba yake.

Mwezi uliopita mtoto alinikimbilia jikoni na simu. "Mama, baba ameandika!" Nikadhani ni zile za zamani. Kusoma, ni jina lake, anwani yake ileile, tarehe ya siku hiyo. "Habari, nimekutumia picha, fungua hapa." Nikakaa sakafuni mpaka maharage yakaungua.

Kesho yake nilikwenda kwa dada mmoja mwenye stesheneri. Akaniambia, "Pole, mama. Hao ni matapeli. Imeli ni kama bahasha, mtu anaweza kuandika jina lolote la mtumaji na ikafika. Au wameiba neno lake la siri, wameingia kabisa."

Tukawaandikia wenye huduma waifunge imeli ya marehemu. Jibu likaja la mashine: ingiza neno la siri. Mume wangu hakuwahi kuniambia neno lake la siri.

Narudi nyumbani, binti ameshajibu: "Baba uko wapi? Mbona tulikuzika?" Na amejibiwa: "Niko salama mwanangu. Nitumie namba ya siri ya simu ya mama, tutaonana." Nikaifuta imeli ya binti palepale, na barua zote. Nilichelewa, alikuwa ameshampigia bibi yake.

Mama mkwe alikuja na basi la asubuhi. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Ng'wanone! Mwanangu yu hai," alisema. "Kuna mtu kamfanya msukule, anamtumikisha. Na wewe unafuta barua zake. Kwa nini, mayu, mama wewe?"

Nikamweleza habari za matapeli na bahasha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Ulimuona ndani ya jeneza?"

Nikamwambia hapana.

Sasa ukoo unataka kaburi lifukuliwe. Tena wameanza kumtaja bibi jirani yao, mjane ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Wanasema ni mchawi, ndiye aliyemficha. Bibi huyo alinipokea vizuri nilipoolewa pale, na najua watu wa kwetu wakishamtaja mtu hivyo kinachofuata ni mapanga. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuwashtaki matapeli, ameniambia nilete jina la mtumaji. Jina la mtumaji ni la mume wangu!

Binti hasemi nami. Jana tu alitamka, "Wewe ndiye umemfukuza baba." Na kwa kuwa hapa hamnijui, nitasema ukweli: kuna saa najuta kuifuta ile imeli, natamani ningejibu hata mimi.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi na nimeitwa. Ndugu zangu, nikisimama mbele yao niseme nini wanielewe, yule bibi asiguswe? Mwenye neno aniambie, siku zinakwisha.