Mongia na Meza ya Tende

Mongia alikuwa msimamizi wa ubora katika ghala la kufungasha tende pale Kebili, kusini mwa Tunisia, na muhuri wake aliuonea fahari. Kabla yake, wanawake wa meza ya kuchambulia walikuwa wakipasua tende moja katika kila kreti, wanaionja, wanaambizana shamba la nani limenyweshwa kupita kiasi, la nani limeingiwa na funza. Mongia aliyakomesha hayo. Kuonja ni wizi, alisema, na soga zinachelewesha kazi. Akaleta fomu: rangi, ukubwa, uzito. Aliyechelewa kujaza, jina lake lilibandikwa ukutani. La Khmissa, aliyeanza kuchambua tende akiwa msichana, halikubanduka.

Mwaka ule mvua iliwahi tende zikiwa bado juu ya mitende. Zilifika ghalani zinang'aa. Khmissa alinusa kreti ya kwanza, akamtazama Mongia. Mongia akamwonyesha saa.

Siku ya tatu ya Ramadhani mzigo ulirudishwa kutoka mjini Sfax. Watu walikuwa wamefuturu kwa tende zilizochacha ndani. Faouzi, mwenye ghala, alishika fomu zile safi, akauliza imekuwaje. Mongia akajibu kuwa wachambuaji wamezembea, hasa Khmissa. Khmissa akavua aproni, akaikunja, akaenda zake.

Siku mbili nzima futari haikumshuka Mongia. Ya tatu, saa ya kufuturu, akaenda kwa Khmissa, akasimama mlangoni, asijue mikono aiweke wapi.

"Ulijua, Mama Khmissa. Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Meza ile ilikuwa na pua, ilikuwa na ulimi na masikio, mwanangu. Wewe ukataka mikono tu. Tukakupa mikono."

Mongia aliomba radhi macho chini. Khmissa alimmiminia supu, lakini hakusema amemsamehe.

Kesho yake Mongia alimweleza Faouzi ukweli mbele ya meza nzima. Akavuliwa usimamizi, mwenyewe akaomba nafasi ya kuchambua. Khmissa akarudishwa, na baada ya Idi kuonja kukaanza tena.

Wiki nyingi mazungumzo yalikatika kila Mongia alipokaa. Kisha siku moja Khmissa akamsogezea nusu ya tende.

"Onja. Hii imeiva au imewahiwa kuchumwa?"

Mongia akaitafuna polepole. Miaka yote ile alikuwa akipiga muhuri tu.

"Sijui," alisema, uso ukimwaka.

Khmissa akampasulia nyingine.