Udi Kabla ya Saini

Nimewasikia watu wakieleza kwa nini mapatano yale yalikwama mara ya kwanza. Wapo wanaosema wageni walikuwa na kiburi. Wengi husema mwanamke wa jikoni aliharibu shughuli. Mwanamke huyo ni mimi, na sijapata kuulizwa.

Baba alikufa bandarini, aliangukiwa na mzigo. Mama alimfuata kabla hata eda yake haijamalizika. Tukabaki wanne: mimi, ndugu yangu wa kiume, na wadogo zetu wawili wa kike. Niliacha skuli nikiwa darasa la tatu, nikashika kazi ya mama ya kupika udi. Unaviloweka vipande vya mti wa udi, unavipika na sukari na marashi kwa moto mdogo, na ukigeuza uso tu vimeungua. Tulikaa chumba kimoja na ua, mtaa wa Kuze. Ndugu yangu nilimwambia yeye asome, mimi nitatosha. Asubuhi alikwenda skuli, alasiri chuoni kwa maalimu, kusoma Kurani na Kiarabu. Alipofika miaka kumi na saba alikuwa akiandika Kiarabu na Kiingereza, na mwandiko wake maalimu aliwaonyesha watu.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, lakini sukari ilikuwa bado kwa kadi na biashara bado kwa vibali. Ndipo ikasikika kwamba serikali ya Wazungu yataka kupatana na ufalme mmoja wa Arabuni. Kutoka kwetu ingekwenda kahawa, chai na boriti. Kutoka kwao zingekuja tende na chumvi, bila mtu kusumbuliwa. Ofisi ya kuangalia mambo hayo ingefunguliwa barabara ya Ndia Kuu, na aliyepewa kuisimamia ni tajiri mmoja wa Kihindi, Muislamu mwenzetu, mwenye duka la tende na samli. Babu yake alizaliwa mjini humu, na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu.

Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Mapatano yakitiwa saini, kiti cha karani ni cha nduguyo," akasema. "Mimi ndiye niliyeambiwa nitafute mtu."

"Tajiri, wanipa ahadi au wanipoza moyo?"

"Nakupa ahadi, mwanangu. Nawe nipikie udi wa kuwapendeza Waarabu."

Sukari alinitafutia yeye. Nilipika siku tatu. Wadogo zangu walinukia udi mpaka nywele, na ndugu yangu alinyoosha kanzu yake ya Idi akaivaa kuijaribu, akaivua, akainyoosha tena.

Wageni walipokelewa nyumbani kwa tajiri, ukumbi wa juu. Wanaume walikuwa ukumbini, pamoja na Mzungu wa serikali aliyekuja kutia saini na mkalimani wake. Mimi na mke wa tajiri na majirani wawili tulikuwa jikoni. Ndugu yangu alikuwa miongoni mwa waliopeleka kahawa na halwa. Aliyesimamia mpango wote alikuwa karani wa serikali, Mkristo kutoka bara, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, mwenye karatasi mkononi. Karatasi ile ilipanga kila kitu: kahawa na halwa, hotuba, udi, saini. Nadhani aliyeiandika alisikia kwamba watu wa pwani na Waarabu wapenda udi, akaona moshi utapendeza watu wakitia saini.

Kwetu, na kwa wale wageni pia, udi ni wa mwisho. Chetezo cha kufukizia kikiingia ukumbini mgeni hujua mazungumzo yamekwisha. Hujifukiza, hushukuru, hutafuta viatu vyake. Hakuna anayeambiwa ondoka kwa mdomo. Moshi ndio unaosema. Jambo hili mtoto wa Kuze hulijua kabla ya kujua kufunga kikoi.

Karani akaja mlangoni mwa jikoni.

"Udi uko tayari?"

"Uko tayari. Wameshatia saini?"

"Bado. Ukishapita udi ndipo watie."

"Basi haujafika wakati wake, bwana. Udi ni wa kuagana."

"Bibi, karatasi hii sikuiandika mimi. Imepigwa taipu Nairobi."

"Nairobi wajua nini na udi?"

Wanawake wakacheka. Mke wa tajiri akasema, "Hebu muulize na makaa nayo yameandikwa humo, au tuwashe kwa akili zetu?"

Karani alitabasamu kidogo, kisha akajifuta jasho. "Ninyi mwacheka. Mimi nikiruka mstari mmoja, kesho nimerudi kwetu kulima."

Nilimwambia aende amuulize tajiri. Akaenda, tukamwona ameinama sikioni kwake, kisha akarudi.

"Amesema tufuate karatasi."

Mke wa tajiri aliacha kucheka. "Amesema hivyo mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi peleka, mwanangu. Mwenye nyumba kashasema."

Ningeweza kumwaga makaa. Ningeweza kusema udi umeungua. Nilifikiria kiti alichoahidiwa ndugu yangu, nikaogopa kumkasirisha aliyekishika. Nilitia makaa, nikatia udi, nikampa ndugu yangu chetezo.

"Sasa hivi, dada?" akaniuliza. Alijua kama nilivyojua.

"Sasa hivi. Nenda."

Akaenda kwa kuwa nimemwambia mimi.

Nilichungulia penye ufa wa mlango. Mkubwa wa wageni alikuwa katikati ya maneno yake. Alikiona chetezo, akanyamaza, akaweka kikombe chini. Akaupitisha moshi chini ya joho na kwenye ndevu, akampa aliyekuwa kando yake. Hakuonyesha hasira wala mshangao. Chetezo kilipomaliza kuzunguka alisimama, akamshukuru mwenye nyumba kwa maneno mazuri sana, na wote wakasimama. Mzungu wa serikali alikuwa ameshika kalamu, anatabasamu. Alidhani hayo nayo yamo katika mpango. Mpaka wageni walipokwisha kushuka ngazi ndipo alipomuuliza mkalimani wamekwenda wapi.

Walipoitwa tena walijibu kwa adabu kwamba wamefahamu, mwenye nyumba amekwisha kuwaaga. Baada ya siku mbili wakasafiri.

Lakini siku ile ile, pale ukumbini, Mzungu alitaka kujua nani aliyekosea. Karani alitazama viatu vyake. Tajiri ndiye aliyejibu, kwa sauti tuliyoisikia mpaka jikoni.

"Ni kosa la jikoni, bwana. Yule mwanamke hakusoma."

Ndugu yangu alikuwa amesimama pale pale, chetezo mkononi.

Nilingoja siku tatu tajiri aje kwangu. Hakuja, nikaenda mimi dukani. Alikuwa akimpimia mtu tende. Alingoja mteja atoke.

"Tajiri, wewe ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Mimi mzaliwa wa mji huu."

"Mbona ukasema tufuate karatasi?"

"Yule bwana amekaa ubavuni pangu. Nimwambie mbele ya wageni kwamba karatasi ya serikali yake ina makosa? Nilidhani Waarabu watavumilia, watajua ni ujinga wa Wazungu."

"Na ujinga ukawa wangu."

"Wewe huna leseni ya kupoteza."

"Nina ndugu."

Alifunga tende katika gazeti akanisukumia. Niliziacha pale pale juu ya mizani, nikatoka.

Mwaka uliofuata wageni walirudi. Safari hii walipokewa kwingine, na mapatano yakatiwa saini. Magazeti yaliandika juu ya urafiki wa dola mbili na heri itakayowafikia watu wa chini. Ofisi ilifunguliwa Ndia Kuu kama ilivyosemwa, na kiti cha karani akakalia mpwa wa tajiri. Kiarabu hakukijua. Barua zilizotoka Arabuni zililetwa Kuze, kwa maalimu yule yule aliyemfundisha ndugu yangu, azisome.

Ndugu yangu aliomba kazi kila mahali penye meza. Kila alikokwenda waliuliza si yeye aliyebeba kile chetezo. Mwisho alichukuliwa kwenye maghala ya Makupa, kupakia malori magunia ya kahawa, ile ile iliyotajwa kwenye mapatano. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu, nami ningejitetea.

Siku ya mshahara wake wa kwanza alirudi na dole gumba jeusi. Alikaa uani akalisugua kwa sabuni na mchanga, wino wa kupigisha dole haukutoka. Nilielewa, lakini nilimuuliza.

"Hukuwaambia kama wajua kuandika?"

"Niliwaambia, dada," akasema. Akafuta mkono kwenye kikoi, akaja kula.