Ndizi za Magwagwa na Swichi Iliyojaa

Mama alipopooza upande mmoja, niliacha kazi Nairobi nikarudi Nyamira bila kuuliza mtu. Bahati yangu, mjini Kisii kulikuwa na chumba cha seva, mashine zinazohifadhi kazi za zahanati na maduka ya huku kwetu, nikaajiriwa kuzitunza. Kila Sabato, tukitoka kanisani Magwagwa, kijijini kwetu, nilimkanda mama mguu. Kwa hiyo tajiri aliposema mtandao usipotulia kabla ya Jumatatu atahamishia mashine zote Nairobi, na mimi nizifuate, niliuona mguu wa mama ukibaki bila mkandaji.

Ubaya ulikuwa wetu wenyewe. Sisi huku hatupendi kumuudhi mteja. Tukihamisha mashine yake kutoka kabati hili la mashine hadi lile, akisema, "Anwani yangu msiiguse, nimeizoea," yaani namba inayoitambulisha mashine mtandaoni, tunajibu sawa, hakuna shida. Tulisema sawa mpaka anwani zikachanganyika kama mahindi na maharagwe sufuriani. Swichi za juu, zile zinazoelekeza mawasiliano yote, zikalazimika kukariri kila mashine peke yake, na kumbukumbu ya swichi si ghala. Ikajaa. Mashine mpya ikiingia, njia yake haina pa kuandikwa, basi ni kama haijazaliwa. Mwenye duka mmoja wa Ogembo alinipigia akifoka, "Mashine yangu iko wapi? Mmeila?" Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe, nikakata simu. Nilipomwomba tajiri swichi kubwa zaidi, alicheka tu.

Ijumaa asubuhi mlinzi akaniletea mkungu wa ndizi. Mama huyo! Mkono mmoja haunyanyuki, na bado anatuma ndizi. Nikatoka nje kumuuliza mwendesha boda aliyeuleta kama anamjua mama yangu.

"Simjui. Hata wewe sikujui. Mwenzangu wa Nyamira alijua unakuja Kisii tu; karatasi iliyofungwa juu yake ndiyo iliyosema jengo lenye jenereta nyuma ya soko, nikaleta."

Huyo wa Nyamira alijua Kisii, huyu akajua jengo, basi. Aliyejua mkungu ni wa nani ni mlinzi wa mlangoni peke yake.

Nilibaki nimeukumbatia ule mkungu, utomvu ukinichafua shati. Hakuna hata mmoja njiani aliyebeba kichwani majina ya watu wote wa Kisii, na ndizi zimefika! Kumbe ndivyo tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kila kabati lipewe fungu lake la anwani zinazofuatana. Swichi za juu zijue kabati tu, na swichi ya kabatini ndiyo ijue mashine zake. Jambo lenyewe nililisoma chuoni. Haya ya kumwambia mteja abadilishe anwani ndiyo iliyonifumba macho.

Nikawapigia wateja mmoja mmoja, nikianza na yule wa Ogembo, na kumwomba radhi. Nawashukuru mpaka leo, walikubali wote. Ila wakataka tuzime mtandao Jumamosi, wakati wamefunga biashara waende kanisani.

Ala! Jumamosi? Mimi na wenzangu wa chumba cha seva ni Wasabato wa kuzaliwa, na mama siku hiyo hachumi hata jani la chai. Nikampigia. Nikamweleza yote, mpaka habari ya Nairobi. Akasema, kwa ule mdomo wake unaovuta upande, "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, si anatolewa? Nenda ukamtoe, mwanangu. Lakini ombeni kwanza."

Tuliomba, kisha tukabadilisha anwani kabati kwa kabati mpaka jua likazama. Swichi ya juu iliyokuwa imefurika ikabaki na mistari michache, na nafasi tele. Mashine ya Ogembo ikaonekana. Mwenyewe akanitumia ujumbe: "Asante, Mungu akubariki." Nililia, na sioni aibu kusema. Nilimshukuru Mungu kwa mama, kwa ndizi zake, na kwa wale waendesha boda wasionijua.

Jumapili nikaenda Magwagwa. Nilimkuta mama barazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Ng'ombe ametoka?"

"Ametoka, mama. Tajiri ametulia. Siendi popote."

Nilidhani atapiga vigelegele. Alifumba macho tu, akanisogezea mguu.

"Basi kanda. Jana hukuja."