Nywele Nilizomnyima Mwami

Mwami wetu alifariki Jumanne. Mama yangu alifariki Alhamisi ya wiki hiyohiyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la mwisho hapa duniani.

Kwa asiyetufahamu, nieleze. Kule kwetu milimani tuna mfalme, tunamwita Mwami. Ufalme wenyewe si mkubwa. Ukiuingia kwa pikipiki asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umeshatokea upande wa pili. Lakini desturi zake zingetosha bara zima. Mojawapo ni hii: Mwami akifa, mpaka azikwe, hakuna maiti mwingine. Watu wa kawaida huendelea kufa, maana hawana adabu, ila huzikwa kimyakimya na hawaliliwi. Machozi yote ni ya Mwami.

Desturi nyingine ni ya wanawake. Mwanamke akifiwa hufumuliwa nywele. Hajifumui mwenyewe, wala hafumuliwi na ndugu yake. Mwanamke mwingine hukaa nyuma yake, hushika msuko wa kwanza, humuuliza, "Ni nani?" Anamtaja marehemu wake, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Kabla ya hapo unakuwa umesikia habari tu, hujafiwa. Na kichwa kimoja hubeba msiba mmoja. Ukishafumuliwa kwa ajili ya huyu, hufumuliwi kwa ajili ya yule mpaka usukwe tena, na kusukwa tena ni baada ya mwaka.

Mimi nilikuwa nimesukwa Jumapili, siku mbili kabla ya Mwami. Misuko ilikuwa mipya kiasi kwamba kichwa kilikuwa bado kinaniuma.

Miaka hiyo nilikuwa nikiishi Toronto, mtaa wa Parkdale, ghorofa ya saba, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama dirisha la jirani. Nilifanya kazi Malton, karibu na uwanja wa ndege, kwenye kiwanda kinachopakia vyakula vya abiria. Kazi yangu ilikuwa kufunika kuku. Kuku anakuja kwenye sahani, mimi namfunika kwa karatasi ya fedha, anakwenda kuruka. Mimi sikuweza kuruka. Karatasi zangu za ukimbizi zilikuwa bado mezani kwa mtu fulani serikalini, na ningetoka Kanada kwenda kuzika, nisingerudi.

Kaka yangu alinipigia Ijumaa jioni, wakati nashuka kwenye basi kwenda zamu ya usiku.

"Dada, tumemzika mama leo asubuhi."

"Watu walikuja?"

"Walikuja. Mmoja mmoja, kama wanaokuja kuazima chumvi."

"Nani alilia?"

"Dada, unajua hali ilivyo."

"Nimekuuliza nani alilia."

"Hakuna."

Sasa mjue mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mliaji. Hapakuwa na msiba kijijini aliokosa. Alifika wa kwanza, na sufuria yake kichwani, na kuondoka wa mwisho, sauti imemkauka. Aliwalilia watu aliogombana nao. Alimlilia hata jirani aliyemwibia mbuzi, akasema marehemu alikuwa na mikono mepesi, na kila mtu akaelewa. Mtu kama huyo ndiye aliyeshushwa kaburini bila hata mwanamke mmoja kupiga yowe. Nilisimama pale kituoni nikaamua jambo moja tu: mama yangu lazima aliliwe. Mahali popote, na watu wowote, hata mara moja.

Nilimpigia mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Toronto. Alikuwa mtu wa suti na mtu wa kanuni, na tangu Jumanne hakuwa amelala. Alikuwa ameshatuma tangazo kwenye simu zetu zote: kwa kuwa dunia nzima inaomboleza, biashara zote za wanajumuiya zifungwe mpaka Mwami azikwe. Biashara hizo zilikuwa tatu. Kulikuwa na duka la unga wa muhogo na samaki wakavu, na kulikuwa na saluni ya kusuka nywele hapo Parkdale, ambayo mwenyewe tulimwita Mama Saluni. Ya tatu ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, ya kusafirisha mizigo. Hiyo haikufungwa, kwa sababu, alieleza, hiyo ni huduma muhimu. Kwa hiyo jiji la Toronto lilisimama kabisa, likabaki bila unga wa muhogo.

"Mwenyekiti," nilimwambia, "nimefiwa na mama yangu."

"Lo! Pole sana, mama. Lini?"

"Jana."

"Jana hii?" Aliuliza kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja. "Sasa mama, hapo tunafanyaje?"

"Naomba matanga. Siku moja tu. Watu wakae, walie, waondoke."

"Wewe mwenyewe umekulia kule. Tungoje Mwami azikwe, halafu huyu mama tutampanga."

"Atazikwa lini?"

"Hilo ndilo tunaloliandamania kesho."

Maana kulikuwa na maandamano pia. Serikali ya kwetu ilikuwa imekataa kuutoa mwili. Ilitaka Mwami azikwe mji mkuu, mawaziri wapate pa kutolea hotuba. Sisi tulitaka arudishwe milimani. Mpaka wakubwa wapatane, mama yangu angesubiri foleni.

Mwenyekiti aliniomba nisimwambie mtu, nisije nikawavuruga watu wakati wa msiba mkubwa. Nilikubali, kwa sababu mimi si mtu wa kelele. Nilimwambia msimamizi wangu kazini tu, ili nisije Jumamosi. Yeye ni Mgoa mzaliwa wa Nairobi, Mkatoliki, wala hajui Mwami ni nani. Aliacha kuandika, akasimama. "Pole sana, mama," alisema. "Jina la mama yako nani? Nitamwombea Jumapili." Nilirudi kwenye kuku wangu, nikawafunika vibaya usiku huo, na hakunisema.

Tuliandamana Jumamosi mchana, mbele ya bunge la mkoa. Mtu angeweza kuuliza bunge la mkoa wa Ontario lina uhusiano gani na Mwami wetu. Ubalozi wetu uko Ottawa, na Ottawa ni mbali, na bunge lipo karibu na kituo cha treni. Wabunge wenyewe hawakuwepo, ilikuwa wikendi. Aliyetupokea ni sanamu ya malkia wa zamani wa Kiingereza, ameketi pale bustanini na taji lake, kunguru kamkalia begani.

Kulikuwa na upepo wa Novemba. Wanawake walikuwa wamefumuana majumbani usiku wa kuamkia maandamano, kama ilivyoagizwa, nywele zimesimama kwa huzuni, na wote wakazifunika kwa kofia za sufu. Maombolezo yetu yote yalikuwa ndani ya kofia. Hilo liliniokoa, maana chini ya kofia yangu misuko ilikuwa imelala vilevile ilivyosukwa.

Polisi wa baiskeli alikuja akasoma bango letu, MTURUDISHIE MWAMI WETU, lililoandikwa kwa lugha tatu.

"Nani amemchukua?" aliuliza.

"Serikali," alisema mwenyekiti.

"Ya hapa?"

"Ya kwetu."

Polisi alifikiri. "Sawa. Msikanyage maua." Akaenda zake.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akahutubia. Alipochoka aliwaomba kina mama wapige yowe la msiba, ili Kanada isikie. Kina mama walitazamana. Miaka mingi ya kuishi kwenye maghorofa, ambako ukikohoa jirani anagonga ukuta, ilikuwa imewaharibu sauti. Mmoja alianza, ikatoka kama birika linaloanza kuchemka. Mwingine akacheka, akajifanya anakohoa. "Jamani, lieni kidogo!" mwenyekiti aliomba. "Hata kwa heshima tu!"

Halafu mwanamke mmoja mzee, mkazi wa Scarborough, akalipiga. Lilikuwa yowe lenyewe. Lile la kwetu, linaloanzia chini, linapanda, linakatika, linaanza tena. Mama yangu alilipiga hivyohivyo.

Sikukusudia. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye yale maua tuliyokatazwa. Sauti iliyonitoka sikuwa nimewahi kuisikia. Niliposhika pumzi niliona duara la viatu limenizunguka, na juu ya viatu simu, zote zinanipiga picha. Nilisikia mtu anasema, "Huyu ndiye mtoto wa Mwami kweli. Tazameni uchungu huo!" Mwingine akasema, "Hata nyumbani hawajalia hivi." Mwenyekiti alikuwa na furaha ambayo si ya msibani. Alisahau tulichoongea jana yake, au aliona kimefaa. Aliinama, akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mama, iambie dunia! Unamlilia nani?"

Naapa, angeniuliza kitu kingine chochote, ningenyamaza. Kunyamaza naweza. Kusema uongo ndiko sikufundishwa.

"Namlilia mama yangu," nilisema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno hayo hadi barabarani. "Amefariki Alhamisi. Simlilii Mwami. Mwami ana watu wa kumlilia."

Simu zikashuka, moja baada ya nyingine.

"Mama amechanganyikiwa na uchungu," mwenyekiti aliwaambia watu.

"Sijachanganyikiwa," nilisema, kipaza sauti kikiwa bado mbele yangu. Nikavua kofia. Misuko yangu yote, mipya, iking'aa mafuta, ikaonekana mchana kweupe.

Mnadhani kelele za kumdai Mwami zilikuwa kubwa? Mngezisikia hizi. Mmoja alisema nimemtukana Mwami. Mwingine alisema kosa hilo faini yake ni mbuzi mzima, na papo hapo wanaume wanne wakaanza kujadiliana ni wapi Toronto mtu anaweza kupata mbuzi aliye hai na kumpandisha kwenye treni. Yule mwanamke mzee peke yake ndiye aliyenisogelea, akanifuta udongo magotini.

Mama Saluni alikuwa amesimama nyuma na bango lake. Sikuwa na ukaribu naye. Alinisuka, nikamlipa, tukaagana. Alilikunja bango, akalitia kwenye pipa la taka, akaja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliambiwa nisiseme."

"Twende."

Tulipanda tramu hadi Parkdale. Kwenye mlango wa saluni palikuwa na karatasi aliyoibandika Jumatano, ya Kiingereza: TUMEFUNGA KWA MSIBA WA KITAIFA. Alinisimulia baadaye kwamba siku ileile mteja wake mmoja, mwanamke wa Kijamaika, aliisoma, akamuuliza ni taifa gani. Alipojibiwa, akauliza tena kwa upole kama hilo taifa lina timu ya mpira. Wateja wengine hawakuuliza. Walivuka barabara wakaenda kusukwa kwa Waghana.

Aliinua mlango wa chuma nusu, tukainama tukaingia.

"Watakutoa kwenye jumuiya," nilimwambia. "Tangazo limesema mpaka Mwami azikwe."

"Tangazo limesema nifunge biashara. Nimefunga. Hii si biashara."

Aliniketisha kwenye kiti cha chini, si vile vya wateja mbele ya kioo. Yeye akakaa nyuma yangu, magoti yake yakanibana mabega. Nilisikia anavipasha joto viganja vyake viwili kwa kuvisugua. Kisha akashika msuko wa kwanza, ule wa juu ya sikio la kushoto.

"Ni nani?" aliuliza.

Nikamtaja mama yangu. Jina lake lote, na la baba yake, na la kilima alikozaliwa. Na Mama Saluni, ambaye hakuwahi kumwona, akapiga yowe. Halikuwa zuri. Hata hivyo lilikuwa yowe, na lilikuwa la mama yangu, siku mbili tu baada ya kufa kwake, mbele ya chupa za mafuta ya nywele na picha za wanawake wanaotabasamu.

Misuko yangu ilikuwa mingi. Alipofika utosini, mlango uligongwa. Aliingia yule mwanamke mzee wa Scarborough, akahema, akasema amekuja kuazima chumvi. Baada yake wakaja wengine wawili, kofia mikononi, wasiseme wamekuja kufanya nini. Mmoja alikuwa na majani ya chai. Walikaa chini kwenye nywele zilizoanguka. Waliimba kidogo, kwa sauti ya chini, na niliwaona wanautazama mlango kama watu wanaonunua pombe ya magendo.

Mlango uligongwa tena, na chini ya chuma kikatokea kichwa chenye kilemba cha rangi ya chungwa. Alikuwa yule mteja wa Kijamaika. Aliona kiti, mwanamke aliyekaa, mwanamke mwingine anamshughulikia nywele.

"Ah! Mmefungua," alisema kwa Kiingereza chake.

"Tumefunga," alijibu Mama Saluni, bila kuondoa mikono kichwani kwangu. "Tuna msiba."

"Bado ni yule mfalme?"

"Hapana. Mama yake huyu."

Yule mwanamke alinitazama. Akavua kilemba, akainama, akaingia, akakaa kwenye kiti cha drai ya kukaushia nywele, mkoba wake mapajani, kama mtu aliyekwisha kukaa matangani mara nyingi, akangoja mtu ampe kikombe.